Mapigo 25 ya kikombe: safari ya kipimo cha udongo kutoka Kalmar hadi Songea

Mvua zimeanza, Milima ya Matogoro asubuhi haionekani kwa ukungu, na mimi nina deni la kulipa. Deni lenyewe linatokana na habari niliyoiandika gazetini msimu wa mvua uliopita. Ili nilieleze vizuri itabidi niwatembeze kidogo, twende Uswidi, Marekani na Kenya, halafu turudi hapa hapa mjini. Vumilieni.

Habari ilikuwa hivi. Kuna barabara ya moramu inayoingia kijiji kimoja nje ya mji. Ilikamilika kiangazi, ikashindiliwa vizuri, watu wakafurahi. Mvua zilipopiga wiki mbili, kipande cha kama nusu kilomita kikageuka uji. Fuso lililobeba mahindi likazama mpaka ekseli. Bodaboda zikawa zinasukumwa. Mama mjamzito akabebwa na vijana mpaka barabara kubwa, ndiko akapata gari la kumpeleka hospitali. Nikafika na kamera yangu. Wanakijiji wakaniambia, "wametuwekea udongo badala ya moramu", nami nikaandika hivyo hivyo. Tena nikaliweka neno "kuchakachua" kwenye aya ya kwanza, maana najua mhariri wangu analipenda. Ukurasa wa tatu, picha kubwa. Nilipokea simu za pongezi mpaka nikajiona mwandishi kweli kweli.

Wiki iliyofuata nikasikia kwamba kijana aliyekuwa anasimamia machimbo ya moramu kwa niaba ya mkandarasi amesimamishwa kazi. Ni rika langu kabisa. Alinipigia simu mwenyewe, na wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, uliomba karatasi ya maabara kabla hujaandika?"

Sikuomba. Na kusema ukweli, sikujua hata kama kuna karatasi ya kuomba.

Basi bwana, ndivyo nilivyojikuta kwenye maabara ya vifaa vya barabara hapa mjini, nikiwa nimeshika daftari na aibu yangu. Nilimkuta fundi sanifu, mama mtu mzima ambaye kazi hii aliianza mimi nikiwa darasa la pili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniangalia kwa muda. "Wewe ndiye uliyeandika ile habari ya udongo?" Nikakiri. "Haya mwanangu, sogea uone udongo unavyohojiwa."

Nilitegemea mitambo mikubwa. Nilichoonyeshwa ni kikombe. Kibakuli kidogo cha shaba ya njano, kinachotosha kwenye kiganja, kimefungwa kwenye kifaa chenye mpini wa kuzungusha na kukaa juu ya kitako cha mpira mgumu. Ukizungusha mpini, kikombe kinainuka milimita 10 kisha kinaanguka, ko! Unazungusha tena, ko! Kwa kasi ya mara 2 kila sekunde.

Kazi inakwenda hivi. Udongo unachekechwa kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 0.425, zile chembe kubwa zinawekwa pembeni. Ule ulaini unakandwa kwa maji juu ya kioo mpaka uwe kama unga wa chapati uliolainika. Unapakwa ndani ya kikombe, halafu unachorwa mfereji katikati kwa kifaa maalumu, kwa hiyo udongo unabaki pande 2 zinazotazamana. Sasa unazungusha na kuhesabu. Kila kikombe kinapoanguka, pande zile zinasogeleana. Zikigusana kwa urefu wa milimita 13, unasimama na kuandika idadi ya mapigo. Kipande cha udongo ule kinapimwa kwenye mizani, kinalala kwenye oveni ya nyuzi 105 hivi, kesho yake kinapimwa tena. Tofauti ya uzito ndiyo maji yaliyokuwemo. Zoezi linarudiwa kwa viwango tofauti vya maji, unachora mstari kwenye karatasi, na kiasi cha maji kinachokutana na mapigo 25 kamili ndicho kikomo cha umajimaji. Ukikivuka hicho, udongo hauna tena mwili wa kujisimamia, unaanza kutiririka.

Kipimo cha pili ndicho kilichonichekesha. Mama yule alichukua donge la udongo, akaanza kulisokota kwa vidole juu ya kioo kama mtoto anayetengeneza nyoka wa udongo. Likawa uzi. Akaukunja, akausokota tena, mpaka uzi ukafikia unene wa milimita 3 na kuanza kukatika katika. "Hapo hapo," akasema, akautupia kwenye kopo la kupimia. Hicho ni kikomo cha kufinyangika. Ukiwa na maji pungufu ya hapo, udongo hausokoteki tena, unavunjika.

Toa kikomo cha pili kwenye kile cha kwanza. Tarakimu unayopata mafundi wanaiita PI, na hiyo ndiyo roho ya jambo lote. Inakuambia udongo una nafasi kubwa kiasi gani ya kunywa maji huku ukigeuzwa geuzwa kabla haujawa uji. Moramu ya barabara ya vumbi inahitaji PI kidogo ili ishikamane, la sivyo kiangazi yote itapeperuka kuwa vumbi. Ikizidi, masika inateleza na kuzama. Wale mnaotoka Shinyanga mnaujua udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasua nyumba. Huo una PI kubwa: unavimba ukinywa, unasinyaa ukikauka, na ukuta wako unafuata.

Nikamuuliza mama: nani alikaa akafikiria kugongesha kikombe mara 25? Akacheka, akasema yeye alifundishwa tu hivyo. Nikarudi nyumbani nikaanza kuchimba.

Kwanza tukubaliane kwamba ujuzi wenyewe ni wa zamani kuliko maabara. Kule Ikombe, karibu na Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, akina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu bila gurudumu, na mfinyanzi hahitaji mizani kujua udongo umekolea maji kiasi gani. Anausokota mkononi. Mafundi wetu wa matofali ya kuchoma hapa Songea nao ni hivyo hivyo: wanaminya donge, wanalisokota, likikatika mapema wanasema udongo huu hauna nguvu. Ukienda Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenedikti mwaka 1898 na kuchomwa moto mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, majengo yaliyoinuliwa baadaye yanakuonyesha matofali yanaweza kuishi miaka mingapi. Mtu fulani aliukanda udongo ule na akajua umefaa. Shida ni kwamba kujua kwake hakukuandikwa. Kidole cha fundi wa Peramiho hakiwezi kutumwa kwa posta kwenda Dar es Salaam kulinganishwa na kidole cha fundi mwingine.

Aliyegeuza kidole kuwa tarakimu ni Mswidi, Albert Atterberg. Alizaliwa mwaka 1846, akasomea kemia Chuo Kikuu cha Uppsala, na kuanzia mwaka 1877 akaongoza kituo cha kemia na ukaguzi wa mbegu katika mji wa Kalmar. Umesoma vizuri, mbegu! Huyu bwana hakuwa mhandisi wa barabara. Kazi yake ilikuwa ya wakulima, na sehemu kubwa ya maisha yake alishughulika na mazao. Uzeeni akaanza kujiuliza udongo wa mfinyanzi una tofauti gani na udongo mwingine, na kwa nini mmoja unalimika na mwingine unakuganda kwenye jembe. Mwaka 1911 akachapisha kazi yake juu ya hali za udongo kadiri maji yanavyopungua: kutoka kutiririka, kwenda kunata, kufinyangika, kukatika, mpaka kukauka. Aliweka mipaka kadhaa, na miwili kati ya hiyo ndiyo niliyoishuhudia Songea. Bakuli lake alilipiga kwa mkono. Alifariki mwaka 1916, bila kujua kwamba jina lake litakuwa kwenye kila maabara ya barabara duniani.

Wahandisi walikuja baadaye. Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague anayehesabiwa kuwa baba wa sayansi ya udongo wa ujenzi, alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1925 na mwaka huo huo akaenda kufundisha MIT, Marekani. Mwaka uliofuata kijana kutoka Austria, Arthur Casagrande, alivuka bahari kutafuta maisha na akaangukia mikononi mwa Terzaghi kama msaidizi. Wamarekani wakati ule walikuwa wanajenga barabara kwa kasi na walitaka kipimo ambacho fundi wa jimbo moja na wa jimbo jingine wakikitumia wapate jibu moja. Njia ya Atterberg haikuwapa hilo. Wewe unagonga bakuli kwa nguvu, mimi nagonga taratibu, tayari tuna udongo wa aina 2!

Casagrande akaondoa mkono wa mtu kwenye pigo. Akaweka mpini, akapanga kimo cha kuanguka, akapanga kitako, akapanga mfereji na idadi ya mapigo. Makala yake ilitoka mwaka 1932. Miaka 10 baadaye, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, jeshi la Marekani lilihitaji kujenga viwanja vya ndege haraka sehemu ambazo halikuzijua. Casagrande akalitengenezea mfumo wa kuainisha udongo uliotegemea tarakimu hizi hizi za kikombe na uzi. Toka hapo kikombe kikasambaa. Ukisikia ko, ko, ko kwenye maabara ya Songea, unasikia uamuzi wa kijana yule mhamiaji.

Hapo mtu anaweza kudhani mambo yamekwisha, sayansi imefika, sisi kazi yetu ni kuzungusha mpini. Hapana. Udongo wa kwetu ulileta ubishi, na ubishi wenyewe ulizuka kwa majirani zetu Kenya.

Miaka ya 1950 Nairobi ilikuwa na kiu. Ukaamuliwa ujengwe ukuta wa bwawa la Sasumua kwenye milima ya Nyandarua, wakati ule ikiitwa Aberdare. Udongo uliopatikana pale ulikuwa mwekundu, wa mfinyanzi, unaoshika maji mengi kupita kawaida. Kwa uzoefu wa Ulaya na Marekani, tarakimu zake zilitisha. Terzaghi mwenyewe, akiwa sasa mzee na mwenye jina kubwa, akaitwa kutoa ushauri. Alichokieleza kwenye makala yake ya mwaka 1958 ni kwamba udongo wa Sasumua ni imara na haupitishi maji ovyo, japo vipimo vinauchongea. Chembe zake za mfinyanzi zimeshikana kwenye vifungu vidogo vidogo, na ndani yake kuna madini yaitwayo haloisaiti, ambayo hubeba maji ndani ya umbile lake. Bwawa likajengwa kwa udongo ule ule, na mpaka leo Nairobi inakunywa maji ya Sasumua.

Mwaka 1961 mtafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza, D. Newill, akatoa matokeo ya udongo mwekundu wa aina 2 kutoka Kenya, wa Sasumua na wa Kabete. Aliyoyaona yanapaswa kubandikwa ukutani kwenye kila maabara yetu. Udongo uleule ukiukausha kabla ya kuupima, kipimo kinabadilika. Ukiukanda kwa muda mrefu zaidi, kinabadilika tena, kwa sababu vile vifungu vinavunjika na chembe ndogo zinatoka. Kikombe hakijaharibika, na mpimaji si mwizi. Ila udongo ulioingia kwenye kikombe si tena ule uliotoka ardhini.

Nilimsimulia mama wa maabara habari hiyo nikidhani namletea jipya. Akanionyesha sinia za udongo zilizotandazwa kivulini, sampuli zikikauka kwa upepo. "Hii nyekundu ya kwetu huwezi kuitupa kwenye oveni ndipo uipime PI," akasema. "Oveni ni ya mwisho, ya kupimia maji." Hakumsoma Newill. Alifundishwa hivyo na waliomtangulia, na naamini mahali fulani nyuma yao yupo mtu aliyesoma.

Mezani kwake kuna kifaa kingine, nacho kina hadithi yake. Ni koni ya chuma iliyochongoka kwa nyuzi 30, ambayo pamoja na mti wake ina uzito wa gramu 80. Unaijaza kopo udongo uliokandwa, unaishusha ncha mpaka iguse uso, unaiachia kwa sekunde 5. Kiasi cha maji kinachoifanya izame milimita 20 ndicho kikomo cha umajimaji. Hakuna kuhesabu mapigo. Asili yake pia ni Uswidi, kwenye tume ya udongo ya shirika la reli la nchi hiyo iliyofanya kazi kati ya mwaka 1914 na 1922, ambako reli zilikuwa zinasombwa na maporomoko. Waingereza waliichunguza upya, na mwaka 1970 P. T. Sherwood na M. D. Ryley wakaonyesha kwamba wapimaji tofauti wakitumia koni wanatofautiana kidogo kuliko wakitumia kikombe. Kumbe hata kikombe cha Casagrande, pamoja na kutolewa mkono, kilibaki na matatizo yake: kitako kigumu na kitako laini havitoi jibu moja. Mwaka 1975 kiwango cha Uingereza kikaipa koni kipaumbele.

Kwetu Tanzania, Maabara Kuu ya Vifaa ya Wizara ya Ujenzi, ikishirikiana na idara ya barabara ya Norwe, ilitoa mwongozo wa usanifu wa tabaka za barabara mwaka 1999 na mwongozo wa vipimo vya maabara mwaka 2000. Mwaka huo huo wa 2000 ndipo TANROADS ilipoanza. Tangu hapo mkoa wetu umeona lami ikifika kulikokuwa na vumbi tu. Songea hadi Namtumbo na Peramiho hadi Mbinga zilijengwa kwa fedha za mpango wa Milenia wa Marekani, uliotiwa saini Dar es Salaam Februari 2008 na kumalizika Septemba 2013. Sisi waandishi tulipiga picha za viongozi wakikata utepe. Sikumbuki picha hata moja ya mtu anayesokota uzi wa udongo.

Sasa turudi kwenye deni langu.

Mama alitoa jalada la ile barabara ya kijijini. Karatasi ya sampuli ya machimbo ilikuwepo, na ilikuwa imefaulu bila wasiwasi. Halafu akanionyesha karatasi ya pili, ya udongo uliochukuliwa kwenye kipande kilichozama baada ya gazeti kutoka. PI ilikuwa zaidi ya mara 2 ya ile ya kwanza. Nikashangilia moyoni, kumbe nilikuwa sahihi! Wamechakachua!

"Polepole," akasema. Akaichora kwenye daftari langu. Machimbo ni shimo. Juu kuna moramu nzuri yenye kokoto. Chini yake kuna tabaka la mfinyanzi. Sampuli ilichukuliwa juu, ikapimwa kwa haki, ikapita. Kazi ilipokaribia kwisha, tingatinga likawa limechimba mpaka chini, likazoa mfinyanzi pamoja na moramu. Rangi ni nyekundu ile ile. Kwa macho huwezi kutofautisha. Hakuna aliyesimamisha kazi kuchukua sampuli nyingine.

Kwa hiyo wanakijiji walisema kweli, udongo ulikuwa mbaya. Karatasi ya kwanza nayo ilisema kweli. Aliyesema uongo ni mimi, niliyegeuza uzembe wa sampuli kuwa wizi wa moramu. Swali ambalo gazeti lilipaswa kuuliza ni jepesi: nani alitakiwa kupima tena shimo lilipozidi kina, na kwa nini hakupima? Hilo lingewagusa watu wa ngazi za juu kuliko kijana wa machimbo, ambaye hakuwa na mamlaka ya kuita maabara. Kwa kuwa niliandika wizi, akatafutwa mwizi, na aliyekuwa karibu zaidi na shimo ndiye aliyeonekana.

Niliandika habari ya masahihisho. Ilitoka ukurasa wa 11, aya 4, bila picha. Kijana hakurudishwa kazini. Nilipompelekea nakala alisoma yote, akakunja gazeti, akasema, "Angalau umeandika sampuli." Kwa sasa yuko kwenye kazi nyingine mbali na hapa, na tukiwasiliana ananitumia picha za mashimo, ananiuliza kwa utani tabaka lipi ni lipi. Nakosea mara nyingi.

Kwa hiyo ndugu zangu waandishi, na ninyi wengine mnaopenda kuandika "kazi chini ya kiwango" kila lami inapobanduka, mimi ushauri wangu ni mdogo. Nendeni maabara mkaombe karatasi. Ulizeni sampuli ilitoka wapi, kina gani, siku gani, na kama kuna nyingine iliyochukuliwa baada ya hapo. Mkinyimwa, hiyo nayo ni habari.

Kipande kile cha barabara kilifukuliwa na kujazwa upya kiangazi. Juzi nimepita na bodaboda mvua ikinyesha. Tuliteleza kidogo tu. Nilimwomba dereva asimame, nikashuka, nikachukua donge la udongo pembeni nikalisokota mkononi. Lilikatika likiwa bado nene kama kidole. Dereva akaniuliza kama niko sawa.

Je, kwenu hali ikoje? Kuna mwenye barabara iliyozama ambaye amewahi kuiona karatasi yake? Tuelezane.